Matufaha ya Wenyewe

Leokadia Wnęk alifika umri wa miaka sitini na saba kabla ya kuonja tufaha la bustani iliyo nyuma ya nyumba yake. Watu wa Perehinka, kijiji chetu cha milimani, tulilijua hilo, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ana tumbo la asidi. Wengine walisema aliweka nadhiri mwanawe alipougua sana utotoni. Mimi ni jirani yake wa karibu, ingawa kutoka kwangu hadi kwake unaweza kusali rozari ukaimaliza. Nilimuuliza mara moja tu, nilipokuwa bado bibi arusi mgeni kijijini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele ya wanaume, akasema matufaha hayo si yake. Nikadhani ardhi ina mgogoro wa mirathi. Huku kwetu nusu ya ardhi ina mgogoro wa mirathi, kwa hiyo sikuuliza tena.

Wazazi wake, Wawrzyn na Pelagia, hawakuwa wenyeji. Walitoka bondeni, upande wa Tarnów, ambako mashamba yaligawanywa kutoka baba hadi mwana mpaka mtu akabaki na ukanda mwembamba, farasi akigeuka tayari yuko kwa jirani. Miaka michache baada ya vita serikali ilikuwa inagawa nyumba tupu milimani. Kwa nini zilikuwa tupu, kila mtu alijua. Wanajeshi walifika asubuhi moja, wakawapa watu wa huku saa chache za kufungasha, wakawapakia kwenye mabehewa pamoja na ng'ombe wao, wakaenda kuwatawanya mbali, kaskazini na magharibi ya nchi, kwa sababu lugha yao na kanisa lao vilikuwa vingine. Nyumba zikabaki. Paka wakabaki. Waliokuja baadaye hawakudadisi, maana mtu mwenye mtoto mkononi akipewa paa hadadisi.

Leokadia alikuwa na miaka miwili walipoingia. Walikuta tanuri la mkate limesimama zima, susu ya mtoto darini, na kwenye mwimo wa mlango mistari iliyochongwa kwa kisu, mmoja juu ya mwingine, kama watu wanavyopima watoto wanavyokua. Pembeni ya kila mstari palikuwa na herufi za kanisa la wenyewe, ambazo Wawrzyn hakuweza kuzisoma. Alitaka kuzifuta kwa randa. Pelagia akatundika koti juu yake, na koti hilo halikuondoka pale hata wakati wa joto.

Nyuma ya nyumba mlima unapanda taratibu, na hapo ndipo ilipo bustani. Miti ya zamani, minene, imepangwa kwa mistari hadi kwenye mawe ya msingi wa kanisa la mbao la wenyewe, lililobomolewa. Oktoba ya kwanza miti ilizaa hadi matawi yakainama. Wawrzyn alikwenda na ngazi. Pelagia akamzuia mlangoni, akamwambia nyumba walipewa, shamba walipewa, lakini ile miti kuna mtu aliishika kwa mikono yake na kuimwagilia kwa ndoo, na mtu huyo hakufa, alichukuliwa tu. Hawatakula. Wawrzyn alicheka, kisha akanuna, kisha akazoea. Ilikuwa rahisi kuzoea kuliko kubishana na Pelagia.

Leokadia alimwona yule mwanamke kwa mara ya kwanza akiwa mtoto wa kuanza shule. Ilikuwa mchana, siku ya ukungu ya Oktoba, kuku wamejikunyata chini ya ukingo wa paa. Alikuwa amesimama dirishani akila kiazi. Katikati ya miti palisimama mwanamke aliyevaa kitambaa cheusi kichwani na koti refu. Alikuwa anakwenda kutoka mti hadi mti, na kila alipofika aliuwekea gome kiganja, kama unavyomgusa ng'ombe ubavuni kumjulisha umefika. Alipomaliza mstari alirudi, akasimama akaitazama nyumba. Hakusogea. Leokadia naye hakusogea. Kisha mama yake akamvuta bega kwa nguvu hadi kiazi kikaanguka.

Pelagia alikuwa amemwona zamani. Leokadia aliligundua hilo kwa jinsi uso wake ulivyokuwa: haukuwa wa mtu aliyeshtuka, ulikuwa wa mtu aliyekuwa akisubiri. Alimwambia, "Ukimwona usimtazame usoni. Na mlango hatufungui."

"Ni nani, mama?"

"Ni wa hapa."

Akaokota kiazi. Tangu siku hiyo ikawa ni desturi ya nyumba, isiyotajwa. Kila Oktoba, matufaha ya kwanza yakianza kudondoka, Pelagia alikuwa akifyeka nyasi chini ya miti, anakata matawi makavu, anapaka chokaa mashina. Wawrzyn alipomuuliza kwa nini anajichosha na bustani asiyoila, alijibu kwamba yule akikuta pamechafuka atashuka hadi nyumbani. Basi ilianza kwa hofu. Leokadia alijifunza kupogoa kwa mama yake akiwa na hofu, akajifunza kuunga vikonyo, vijiti vya mti mzima, kwenye mti uliopasuliwa na barafu akiwa na hofu, na mikono ikajua kazi kabla moyo haujatulia.

Kuna Oktoba moja mwanamke yule aliacha kitu. Baada ya kuondoka, Leokadia aliona kwenye tawi la chini la mti ulio karibu zaidi na nyumba vitu viwili vyekundu vinaning'inia. Alikimbilia huko kabla mama yake hajamwona. Zilikuwa glavu za sufu, ndogo, zimeunganishwa kwa uzi mrefu wa kupitisha shingoni ili mtoto asizipoteze. Alizivaa. Anasema hajawahi kuvaa kitu kilichomtosha namna ile, kana kwamba mtu alimpima akiwa usingizini. Alirudi nyumbani mikono ameinua juu kumwonyesha mama yake. Pelagia alizivua bila kusema, akafungua mlango wa jiko, akazitupa ndani. Sufu inanuka vibaya ikiungua, kama nywele. Leokadia alilia hadi jioni, na Pelagia akakaa na mgongo wake kwenye jiko, mikono ameifumbata, kama aliyeungua yeye.

Wawrzyn alikufa, na baada ya miaka Pelagia naye akafuata, mwezi Machi, miguu imevimba kwa maji ya moyo hata viatu vya kuzikiwa havikuingia, wakamzika na viatu vyake vya mpira vya zizini. Leokadia alikuwa ameshaolewa na Zenon, dereva wa magogo kutoka kijiji cha chini, mwanaume mcheshi, mwenye sauti kubwa, aliyependa kumchokoza. Alimwita mtunza bustani wa mizimu. Mbele ya wageni alikuwa anasema: "Mke wangu ana wafanyakazi wasioonekana hata mmoja, na wote hawadai mshahara." Watu walicheka, na yeye Leokadia alicheka, kwa sababu Zenon alikuwa na roho nzuri na hakumaanisha ubaya.

Lakini mwaka mmoja Zenon alishindwa kuvumilia. Kiwanda cha kukamua juisi kule mjini kilikuwa kinapokea matufaha kwa magunia, na yeye anaona mzigo mzima unaoza kila mwaka kwenye nyasi, unaliwa na nguruwe mwitu. Mke wake alipokwenda kanisani alipanda na ngazi na magunia. Leokadia aliporudi alikuta magunia yamejaa nusu, yameachwa yamesimama kwenye nyasi, ngazi imeegemea mti, na Zenon amekaa kizingitini hajavua kofia. Alimuuliza kulikoni. Zenon alivua kofia. Kisha akasema: "Hukuniambia kwamba huwa analia."

Magunia yale aliyamwaga mwenyewe chini ya miti. Hakutania tena kuhusu bustani, hata miaka mingi baadaye, mpaka gogo lilipomwangukia msituni akafa.

Watoto wao wawili waliondoka kama wa kwangu walivyoondoka. Wa kiume yuko Norwei, anajenga meli. Wa kike yuko mjini Kraków, anafanya kazi hospitalini. Leokadia akabaki na ng'ombe wawili, kuku, mizinga ya nyuki, viazi, na pipa la kabichi ya chumvi. Ukimtazama utasema ni maskini. Lakini hakuna wiki ambayo hakunipa jibini, nami nilimpa unga, na kasisi alipata asali, na mzee aliyelima kwa farasi alipewa viazi, akampa Leokadia samadi. Tuliishi hivyo na hatukuliona kuwa ni jambo, mpaka akaja Kornelia.

Kornelia alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, binti wa miaka thelathini na kidogo, mwenye gari bovu na viatu vizuri. Yeye na wenzake walikuwa wanachunguza mashamba madogo, hapa na katika nchi nyingine, watu wanakula nini kinachotoka kwao wenyewe, wanampa nani, na nani atabaki na shamba baadaye. Tulimkaribisha kwa sababu alijua kukamua. Alikaa kwa Leokadia karibu kiangazi chote, akilala kwenye chumba cha watoto, akitoka naye kwenye nyasi, akiuliza kidogo na kubeba ndoo sana. Leokadia alimpenda. Alimwita binti.

Siku ya kuhesabu miti ya matunda Kornelia alimuuliza matufaha yanakwenda wapi. Leokadia alijibu kwamba hayaendi popote. Kornelia akadhani hajasikia vizuri, akauliza tena: anauza, anakausha, anatengeneza siki? Nilikuwepo, tulikuwa tunamenya viazi. Leokadia aliweka kisu mezani na kumsimulia yote niliyowaeleza hapa, kuanzia koti kwenye mwimo hadi Zenon. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza, baada ya miaka arobaini ya ujirani. Kornelia hakucheka wala hakuandika. Aliuliza tu kama anaweza kuchukua matufaha machache ya kila mti, awaonyeshe watu wanaojua aina za zamani. Leokadia alifikiri, akasema: "Chukua. Lakini usile njiani."

Wajuzi wa chuo waliyatambua mengine, na aina mbili hawakuzitambua. Kornelia akayabeba kwenye maonyesho ya vyakula vya wakulima wadogo, kaskazini kabisa, karibu na bahari, akayapanga mezani kwenye sinia na karatasi yenye jina la kijiji chetu. Siku ya pili ajuza mmoja aliyekuja na mjukuu wake, muuza asali, alisimama mbele ya meza hiyo. Hakusoma karatasi. Aliokota tufaha moja, akalinusa, akalishikilia puani muda mrefu hadi Kornelia akamletea kiti. Jina lake lilikuwa Melania. Alikuwa na miaka sita walipopakiwa kwenye behewa. Mistari ya mwimo wa mlango wa Leokadia, mmoja ulikuwa wake.

Walikuja Oktoba, Melania na mjukuu wake Darina, na Kornelia ndiye aliyewaleta. Leokadia alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nzima. Alinitaka nikae naye. Alikuwa anaogopa watadai nyumba, na zaidi ya hilo alikuwa anaogopa kwamba hawatadai. Alioka keki ya plamu, akaondoa koti kwenye mwimo, akalirudisha, akaliondoa tena.

Melania alikuwa mfupi, mnene, mwenye fimbo na sauti ya kuamrisha. Aliingia bila kungoja, akaenda moja kwa moja kwenye mwimo, akapitisha kidole kwenye mistari kutoka chini kwenda juu. Akasema la kwanza alilosema ndani ya nyumba ile: "Tanuri bado linatoa moshi kwenye kona ile?"

"Bado," Leokadia alisema.

"Baba alisema atalitengeneza."

Tukacheka wote, na hapo ndipo tuliweza kukaa. Hakudai kitu. Alisema yeye ana nyumba yake huko, ana kaburi la mume huko, na mgongo wake hauwezi mlima huu. Alitaka kuona miti tu. Tulipanda naye polepole. Alitembea chini ya matawi akilalamika: huu umepogolewa sana, ule ulipaswa kuachwa wazi katikati, nani kaunga aina hii hapa. Leokadia alijibu kila shutuma, na sauti zikapanda, na nikaona kwamba wote wawili wanafurahia. Mwisho Melania akasema, kwa sauti nyingine: "Umeitunza, mdogo wangu. Sikutegemea." Akachuma tufaha, akalifuta kwa sketi, akampa. Leokadia alirudi nyuma.

"Kula."

"Si yangu, dada."

"Nimekupa mimi mwenyewe. Kula."

Alikula. Nilimtazama akitafuna huku machozi yanamtoka, na nikamuuliza ni tamu kiasi gani. Alisema si tamu hata kidogo, ni gumu na chachu. Melania akamwambia aina hiyo haifai kuliwa Oktoba, inawekwa kwenye nyasi kavu mpaka Pasaka ndipo inakuwa na ladha, na ajabu ni mtu kuishi na mti miaka yote hiyo bila kulijua hilo.

Tuliporudi ndani, wakati wa chai, Leokadia alimuuliza Melania kuhusu mama yake, yule aliyeondolewa nyumbani humo. Aliuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayekanyaga barafu nyembamba. Alitaka kujua kama aliumia sana kwa kuondoka, na alifariki wapi. Alikuwa tayari kusikia kwamba alikufa ndani ya behewa, au msimu wa baridi wa kwanza, kwa sababu maisha yake yote aliamini kwamba anayekuja bustanini ni marehemu.

Melania alisema mama yao, Nastka, aliishi miaka mingi. Alifanya kazi kwenye shamba la serikali, akikamua. Na kila mwaka, waliporuhusiwa kusafiri, Oktoba ikifika aliomba likizo, akawaambia watoto anakwenda kuhiji. Alikuwa anapanda treni mbili na basi. Alirudi na mfuko wa matufaha. Walikuwa wameshakua watu wazima ndipo walipojua hija yenyewe ilikuwa wapi.

Leokadia aliweka kikombe chini.

"Alikuwa hai," alisema.

"Hai kabisa. Alikuwa anasimama kule juu mpaka anagandishwa na baridi. Alituambia nyumba ina watu, moshi unatoka, wanapaka miti chokaa. Alisema kuna mtoto wa kike dirishani anayemtazama. Alitaka angalau aalikwe ndani, aone tanuri lake. Hakuthubutu kugonga. Alifikiri wataita polisi. Akamfumia yule mtoto glavu, akaziacha kwenye mti, akisema mwakani mtoto atatoka amezivaa." Melania alikoroga chai yake. "Mwaka uliofuata hakutoka. Mama alisema labda hazikumtosha."

Darina na Kornelia walikuwa wanatazama meza. Leokadia alinyoosha mikono yake juu ya kitambaa cha meza, ile mikono mipana yenye makovu ya kisu cha kuungia, akaitazama.

"Zilinitosha," alisema. "Mama yangu alizichoma. Alidhani ni uchawi wa mfu."

Melania hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alivuta keki, akakata kipande, akamwekea Leokadia kwenye sahani, kisha akajikatia chake. Walikula. Nastka, alisema baadaye, alifariki mwaka ambao yeye Melania alipata mjukuu wa kwanza, naye ni Darina huyu hapa.

Wageni walipoondoka Leokadia alinizuia nisiende nyumbani. Alitaka nimsaidie kuosha vyombo viwili vitatu. Alipofungua bomba akaniuliza Darina ana miaka mingapi. Nikasema thelathini na ushei, nadhani.

"Nimemwona mwaka jana, Otylia," alisema. "Nimemwona na mwaka juzi. Kila mwaka. Sijawahi kukosa."

Nilielewa anachosema. Miaka yote wakati Nastka yuko hai na anaganda nje, walimwogopa kama mzimu. Sasa yuko kaburini kaskazini kwa miaka thelathini, na bado kuna mtu bustanini. Leokadia aliuliza basi huyu ni nani. Tulimaliza vyombo.

Mwaka mzima alijiandaa. Aliniambia kwamba safari hii hatasimama dirishani. Oktoba ilipofika aliacha mlango wazi tangu asubuhi, pamoja na baridi, jiko limewaka bure, kuku wanaingia jikoni. Siku ya ukungu ilikuja. Mimi nilikuwa nakata kabichi ya pipa, akaingia kwangu bila kubisha, viatu vimejaa matope, akakaa.

Alisema alimwona, akatoka. Alipanda mpaka kwenye mstari wa kwanza, akamwita kwa jina: Nastka, karibu ndani, nyumba ni yako. Yule hakugeuka. Alikuwa amempa mgongo, anapapasa matawi ya mti wa chini, tawi moja moja, anainua majani anatazama chini yake. Leokadia alisogea zaidi ya alivyowahi kusogea maishani. Ndipo alipotazama miguu.

"Amevaa viatu vya mpira," aliniambia. "Vya zizini."

Nilishusha kisu.

"Ni mama, Otylia. Ni mama yangu. Miaka yote hii ni mama yangu, na mimi nilikuwa namfungia mlango."

Nilimuuliza Pelagia anatafuta nini kwenye matawi, na nilipouliza tu nikajua. Leokadia alikuwa anasugua viganja vyake kama mtu mwenye baridi. Alisema alimwambia: mama, hazipo, ziliungua, rudi ndani. Naye akaendelea kutafuta.

Kasisi alikuja akanyunyiza maji ya baraka, akasoma sala kwa Kipolandi, na Leokadia akamwomba asome na kitu kwa lugha ya wale wa zamani. Hakuijua. Kornelia, aliyekuja kuchukua vikonyo vya kuunga, aliposikia alisema kwamba katika taarifa yake kuna sehemu inayohusu nani anatunza shamba la nani, na kwamba hajui hili aliweke wapi. Leokadia akamwambia asiliweke popote, aunge tu miti. Miti iliungwa. Michache ilishika, imepandwa kaskazini nyuma ya nyumba ya Melania, mingine imerudi hapa kwenye mteremko uliokuwa mtupu. Wale wawili wanapigiana simu Jumapili na kugombana kuhusu kupogoa.

Katika simu mojawapo Leokadia alimweleza Melania kuhusu viatu vya mpira. Melania akasema: "Mwambie aache kutafuta. Mama yangu alifuma jozi nyingine, akampa mtoto mwingine. Mwambie hivyo."

Nilimuuliza Leokadia kama amemwambia.

"Namwambia kila nikimwona. Alikuwa mgumu wa kusikia tangu akiwa hai."

Siku hizi hapendi kwenda bustanini peke yake, na mimi nimekuwa nikipanda naye. Mwezi uliopita tulivuna. Nilikuwa juu ya ngazi, yeye chini na kikapu, tunaongea habari za ng'ombe wake anayekataa kuzaa. Katikati ya sentensi alinyamaza. Akanishika kifundo cha mguu taratibu, akasema, "Sogea kidogo, mpishe mama." Nikajibana kwenye shina, nikashikilia tawi, tukangoja wote wawili. Kisha akaachia mguu wangu na kuendelea na habari ya ng'ombe pale alipoishia.